Mjadala: Sharti la waimbaji Weusi kwenye Porgy and Bess lifutwe au libaki?

Wakuu, tulijadili hili bila jazba.

Mtunzi Mmarekani George Gershwin alipoitoa opera (igizo la kuimbwa) ya Porgy and Bess mwaka 1935, alitaka wahusika Weusi waimbwe na Weusi wenyewe, si Wazungu waliojipaka rangi usoni. Warithi wake wanalishikilia sharti hilo hadi leo. Mwaka 2018 Opera ya Taifa ya Hungaria iliipandisha jukwaani kwa waimbaji karibu wote Wazungu, na wenye hakimiliki wakadai itangazwe kwamba ni kinyume cha masharti. Mwaka uliofuata jumba hilo likawaomba waimbaji wake kutia saini kuwa asili ya Wamarekani Weusi ni sehemu ya utambulisho wao! Wapo wanaosema sharti lenyewe ni ubaguzi. Mimi nasema libaki, na sababu yangu ni Simon Estes.

Naimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa, kwa hiyo sauti za chini nazisikiliza kwa makini. Estes ni besi-baritoni: chini ana uzito wa besi, juu anang'aa kama baritoni, sauti ya kiume ya kati. Ndiyo sauti ambayo mtunzi Mjerumani Wagner aliwaandikia Wotan, mfalme wa miungu, na yule nahodha Mholanzi aliyelaaniwa kutangatanga baharini. Mtoto huyu wa mchimba makaa ya mawe alizaliwa Centerville, Iowa, mwaka 1938. Opera aliianzia Berlin mwaka 1965, akiimba kuhani Ramfis katika Aida. Mwaka uliofuata akapata medali ya shaba kwenye mashindano ya Tchaikovsky, Moscow. Mwaka 1978 akamwimba Mholanzi kule Bayreuth, kwenye ukumbi alioujenga Wagner mwenyewe, akiwa mwanamume Mweusi wa kwanza kubeba uhusika mkuu pale. Wahakiki wa Ulaya walimsifu.

Sasa pigeni hesabu. Kwenye jukwaa la jumba la Metropolitan Opera, New York, nchini kwake, alisimama mwaka 1982. Miaka 17 baada ya Berlin! Na mwaka 1985, Met ilipoicheza Porgy and Bess kwa mara ya kwanza, Porgy alikuwa yeye. Mwenyewe amesema hadharani kuwa mwanamume Mweusi amebaguliwa kwenye opera kuliko mwanamke Mweusi. Watu waliofungiwa milango kiasi hicho, leo tuwanyang'anye na huu mmoja walioachiwa? Karibuni.

MCHANGIAJI WA PILI:
Mkuu, heshima kwako, lakini hoja yako inajikata yenyewe. Kama rangi haikupaswa kumzuia Estes kuwa Mholanzi, itamzuiaje Mhungaria kuwa Porgy? Halafu huo mlango unaousifu ndio uliowafungia wengi ndani. Eric Owens, naye besi-baritoni, wahakiki walimsifu sana kwa Alberich wake, yule kibeti mwizi wa dhahabu wa Wagner, pale Met mwaka 2010. Mtu wa kiwango hicho bado alilazimika kujiwekea kanuni kwamba haimbi Porgy kwenye jumba ambalo hajaimba kitu kingine kwanza. Kwa nini? Anajua wakurugenzi wakishamwona Mweusi anaimba Porgy, hawamwiti tena kwa kazi nyingine. Sharti linawapa kisingizio: "Mbona Weusi tunawaajiri?"

MWANZISHA MADA:
Ndugu yangu, kuhusu Owens umegusa penyewe. Lakini angalia alichofanya. Hakuomba sharti lifutwe, alidai mpangilio: kwanza Alberich, kisha Porgy, ambaye alimwimba Met mwaka 2019. Lawama ni ya mkurugenzi anayemkumbuka Mweusi kwa opera moja tu.

Kuhusu Mholanzi: laana ya bahari haina rangi. Porgy ni ombaomba mlemavu wa mtaa wa Weusi huko Charleston, na polisi wanaouvamia mtaa huo ni Wazungu. Na Gershwin alifanya jambo ambalo wengi hawalioni: wahusika Wazungu hawaimbi, wanazungumza tu. Muziki wote ni wa Weusi. Ukiwatia Wazungu pande zote mbili, mpaka huo haueleweki tena.

Jingine. Mwaka 1936, kule Washington, Todd Duncan na Anne Brown, Porgy na Bess wa kwanza, waligoma kuimba kwenye ukumbi uliowabagua watazamaji Weusi, na ukumbi ukalegeza. Wangekuwa wepesi wa kubadilishwa na waimbaji wowote, nani angewasikiliza?

Pale unaponibana ni hapa: nchi isiyo na waimbaji Weusi wa opera, je, isiicheze kabisa? Kuwaalika kutoka nje ni gharama, ila majumba haya hualika wageni kila msimu kwa kazi za Wagner na Verdi. Mwenye kujua kwa nini Porgy iwe tofauti, anijibu hapo.