Mjadala: Je, prosesa ya mwaka 1978 bado ina nafasi katika madarasa ya Uganda?

Mwanzisha mada: Wapo wanaodai kwamba kumfundisha mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta mjini Kampala prosesa (chipu inayotekeleza amri za kompyuta) ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, ni kumpotezea muda, kwa kuwa hata kompyuta ya mtumba inaipita kwa mbali sana. Kuhusu kasi siwapingi. Ninachokataa ni hitimisho lao. Prosesa hiyo ilikuwa na transista (swichi ndogo za umeme) zipatazo 29,000 na ilianza na kasi ya megahezi 5, yaani mapigo ya saa milioni 5 kwa sekunde, na mwanafunzi anaweza kuketi na kalamu akahesabu kila pigo la saa yake: kuzidisha namba mbili za biti 16 kulihitaji mapigo 118 hadi 133, yaani takriban mikrosekunde 25. Prosesa ya leo ya gigahezi 3 humaliza kazi hiyo kwa mapigo 3 hivi, sawa na nanosekunde moja. Mapigo kwa sekunde yameongezeka mara 600, lakini kuzidisha kumeharakishwa mara 25,000 hivi. Ziada hiyo imetokana na muundo, na asiyeujua muundo wa awali ataiona kwa kipi?

Jibu: Mwalimu, hesabu zako nazikubali, ila mfano umeuchagua kwa kujipendelea. Chukua usomaji wa kumbukumbu: 8086 ilitumia mapigo 4, yaani nanosekunde 800, ilhali prosesa ya leo, data isipokuwemo kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa), huisubiri RAM, yaani kumbukumbu kuu, kwa nanosekunde 80 hadi 100, na katika kusubiri huko hupoteza mapigo karibu 300. Hapo tumepiga hatua ya mara 8 hadi 10 tu. Mwanafunzi aliyezoeshwa kuhesabu amri ataandika programu fupi inayorukaruka kwenye kumbukumbu, kisha ashangae inaposhindwa na ndefu inayosoma data kwa mfululizo. Afadhali RISC-V, seti ya amri za prosesa iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010: amri zake hazidai ada ya leseni, na unaweza kuanza na muundo mwepesi usio na kache, kisha ukaiongeza.

Mwanzisha mada: Hoja ya kumbukumbu ina uzito, nami sioni ubaya wa RISC-V katika muhula wa pili. Lakini pale ambapo maabara tayari ina bodi za 8086 zinazofanya kazi, anayetaka ziondolewe atueleze kwanza bodi mpya zitanunuliwa kwa fungu lipi.