Cheti cha fundi wa saiti: nitathminiwe, nirudi chuo au nikimbilie PMP?

MwashiMtulivu: Wakuu salamu. Niko kwenye ujenzi muda mrefu na sina karatasi hata moja. Mkandarasi wangu kasema mradi ujao mhandisi mshauri hataki kuona fundi asiye na cheti. Naona njia tatu: kutathminiwa ujuzi nilioupata kazini, kurudi chuo, au nifanye PMP, kile cheti cha kusimamia miradi, nimalize kabisa. Ipi bora? Natakiwa kutoa jibu wiki hii.

Pimamaji: Ongeza nyama mkuu. Muda mrefu ni miaka mingapi? Fundi wa nini? Unataka kushika mwiko au kushika ramani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Nondo16: Nenda chuo. Mengine ni njia za mkato.

Timazi: Tathmini si njia ya mkato. Mtathmini anakuja na viwango vyake, anakuhoji, halafu unajenga yeye akiangalia. Shemeji yangu kona yake ilisimama safi, akaangukia kwenye kusoma mchoro. Walimwandikia alivyofaulu, akaenda kusoma kile kipengele kimoja tu, akarudi. Cha kuhangaikia ni ushahidi: picha ukiwa kazini, barua za wasimamizi, mikataba hata ya kuandika kwa mkono. Anza kuwatafuta leo mafomeni wako wa zamani, wale hubadilisha namba kama soksi.

Cheche: Mimi nieleze yaliyonikuta kwenye kuchomelea. Nililipia mwenyewe mtihani wa ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kupima wachomeleaji, nikachomea bamba, likapigwa eksrei, likapita. Nikajiona nimetoboa. Nafika kwenye kazi ya mabomba, mkaguzi akakisoma cheti mstari kwa mstari. Mtihani ulikuwa wa bamba, kwa hiyo kwa bomba lililofungwa, lisilozungushwa, cheti kinaanzia kipenyo cha mm 500. Ya pale yalikuwa mm 150. Nikapewa brashi nipake rangi ya kuzuia kutu! Sawa, nikarudi kwenye mabamba. Mwaka ukapita, nikaitwa sehemu nzuri, natoa cheti, naulizwa: sahihi za kila miezi 6 ziko wapi? Kumbe msimamizi alitakiwa kuthibitisha kwamba bado nachomea kazi za aina ile ile. Mimi sikujua, yeye hakusema. Cheti kilifia kabatini kikiwa kwenye plastiki yake. Nikarudia mtihani kwa pesa yangu. Kabla hujalipa popote, uliza kinakuruhusu nini na kinaisha lini.

Nondo16: Ungeenda chuo ungefundishwa hayo.

Cheche: Nilienda chuo.

Mchoraji: PMP haitamsaidia. Inataka saa 35 za mafunzo pamoja na uzoefu wa kuongoza miradi, na ukishaipata unakusanya PDU 60, yaani alama za kujiendeleza kitaaluma, kila miaka 3. Haimwambii mshauri kama ukuta wako umenyooka. Akitaka usimamizi huko mbele aangalie vyama vya kitaaluma vya Uingereza: CIOB ya wajenzi, au RICS ya wapima na wakadiriaji, ambayo ndiyo kongwe.

Pimamaji: Kongwe wapi? CIOB ilianzishwa 1834, RICS 1868.

Mchoraji: Hati ya kifalme RICS waliipata 1881, wenzao wakasubiri hadi 1980. Nahesabu hapo.

Timazi: Mtu kauliza cheti cha uashi, nyie mko kwa wafalme.

InjiniaMtarajiwa: Si kuna Mkataba wa Washington wa 1989? Vyeti vinatambulika nchi hadi nchi.

Pimamaji: Huo ni wa programu za digrii za uhandisi. Mafundi sanifu wana wa Dublin, 2002. Mshika mwiko hayumo kote. Na hata injinia akihama, leseni anaiomba upya.

MwashiMtulivu: Samahani, nilikuwa juu ya jukwaa. Miaka 14, uashi na plasta, zege kidogo. Shule sikumaliza. Ramani nasoma, ila jedwali la kukunja nondo linanitoa jasho. Mshauri hajasema anataka cheti cha ngazi gani, kesho namuuliza. Picha nilikuwa nazo nyingi, tatizo simu ilidumbukia kwenye zege.

Nondo16: Ndiyo maana nasema chuo.

Timazi: Zege lilikuwa bichi bado? Kadi ya kumbukumbu uliitoa?