Gemu haijakamilika inauzwa dola 30, tumegombana hadi kipanya cha leptopu kimeondoka. Nishaurini

MshikaKopo
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga hapa Kigoma. Tuko watatu: mimi, binamu yangu, na jamaa tunayemwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake. Mwaka jana tulichanga tukanunua leptopu iliyotumika, inakaa chumbani kwangu. Kila Jumamosi kila mmoja anatia 3,000 kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo nalishika mimi. Sasa limefika 85,000.

Kuna gemu moja ya kujenga na kupambana usife porini (siitaji, msije mkasema naipigia debe). Iko Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwenye kundi la Early Access, yaani inauzwa huku wenyewe bado wanaipika. Bei dola 30. Ukiweka na makato ya kadi inakaribia 80,000, maana Steam hawana bei ya shilingi. Watengenezaji wametangaza kwamba ikikamilika itakuwa dola 40.

Binamu anataka tununue leo kabla haijapanda. Mwalimu hataki hata kusikia. Anasema fundi akinipa suruali haina zipu simlipi, nasubiri aweke zipu. Binamu akamjibu kwamba fundi huyohuyo huwa anachukua kianzio kabla hajakata kitambaa. Mwalimu akasema kianzio ni nusu, si suruali nzima, na sisi tutakuwa tunawatafutia makosa yao bure, tena kwa hela yetu. Wakaanza kupandishiana sauti mpaka mama mwenye nyumba akagonga dirisha.

Mwishowe Mwalimu akachukua kipanya chake (ni chake binafsi), akakitia mfukoni, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Sasa tunacheza kwa kidole kwenye pedi ya leptopu. Anayejua mateso hayo anajua.

Kopo liko kwangu. Nifanye nini?

KibiriziYetu
Nunua mkuu. Njoo huku mwaloni Kibirizi uone: wakati wa giza dagaa wanajaa, bei inashuka, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanalala na bei inapaa. Mwenye akili ananunua kwenye giza. Dola kumi si mchezo.

MzeeWaSevu
Mfano mzuri, ila dagaa wa Kibirizi unawaona kwenye beseni. Hapa unauziwa na wale walioko bado ziwani.

Ndugu MshikaKopo, hao wawili kila mmoja ana ushahidi wake, ndiyo maana hawawezi kuelewana. Binamu mwambie atazame Factorio, gemu ya kujenga viwanda ya Wacheki. Iliingia Steam 2016 kwa dola 20. Mwaka 2018 wakaipandisha hadi 30 ikiwa bado haijakamilika, ikakamilika Agosti 2020, na Januari 2023 wakaongeza tena hadi 35, wakasema ni mfumuko wa bei. Punguzo hawatoi kabisa. Aliyewahi alifaidi.

Halafu Mwalimu naye atazame Kerbal Space Program 2, gemu ya kurusha roketi. Ilitoka Februari 2023 kwa dola 50, bado mbichi, kwa ahadi za kujenga makoloni kwenye sayari na kucheza na wenzako. Mwaka uliofuata studio ikafungwa. Makoloni hayakuja, kucheza na wenzako hakukuja, na dukani bado ipo.

Katikati yao kuna Baldur's Gate 3 ya Wabelgiji. Oktoba 2020 waliuza dola 60, bei ya gemu zima, na ndani kulikuwa na sura ya kwanza tu. Agosti 2023 ikaja yote, sura tatu, bei ileile 60. Waliowahi hawakuokoa hata senti, ila pia hawakuongezewa bei. Kwa hiyo hiyo "itapanda" ni uamuzi wa muuzaji, hakuna sheria inayosema ya mwanzo lazima iwe rahisi.

Steam wenyewe wanaandika kwenye ukurasa wa kila gemu ya namna hii kwamba huenda isibadilike tena, na kama haikuvutii ilivyo leo, usubiri. Watu hatusomi.

BintiUjiji
Mnabishana dola 30 na 40 kana kwamba mko kwenye intaneti ya bure. Kaka MshikaKopo, hiyo gemu ni GB ngapi? Umeshauliza?

Nilinunua moja mbichi mwaka juzi. Kuipakua GB 18. Sawa, nikajipinda. Mwezi uleule yakaja masasisho matatu, moja peke yake GB 7, kwa sababu gemu isiyoiva inabadilishwa kila siku, na nisiposasisha haifunguki. Kwa miezi minne bando lilinila kuliko bei ya gemu. Na sasisho la tatu lilivuruga sevu yangu, yaani mchezo niliokuwa nimeuhifadhi: nilikuwa na nyumba ya ghorofa mbili niliyoijenga wiki tatu, nikafungua nikakuta ngazi tu zinaning'inia hewani, na kuku wangu mmoja amesimama ngazi ya juu kabisa anatazama chini. Nilicheka, halafu nikalia.

Kwa hiyo ile dola kumi mnayoikimbilia, piga hesabu upya ukiweka na bando la mwaka mzima wa masasisho. Usipoyaweka unajidanganya.

Kuhusu kurudishiwa hela: ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2, Steam wanarudisha. Lakini bando ulilopakulia halirudi. Kama kuna mtu hapo mjini anayo, nendeni na diski ya nje mnakili faili kwake, Steam itakagua na kupakua kilichopungua tu. Kuinunua bado mtainunua, ila GB mtakuwa mmeokoa.

MtuWaReli
Mkacheze bao. Halina sasisho.

MshikaKopo
MtuWaReli 😂

BintiUjiji asante sana dada. Nimeangalia, GB 22. Masasisho sikuwa nimeyawaza kabisa, na Binamu naye kanyamaza nilipomwonyesha. Yule kuku ameniumiza.

GunguKwetu
Swali moja tu. Hiyo gemu mkiinunua itaingia kwenye akaunti ya nani?

MshikaKopo
Ya Binamu. Zote ziko huko, ndiye aliyefungua, barua pepe ni yake. Septemba anaenda chuo Mwanza.

GunguKwetu
Basi mkuu, Mwalimu hana shida na zipu. Gemu ya Steam huwezi kuihamishia akaunti nyingine, na akaunti yenyewe hairuhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu. Binamu akipanda basi, elfu tatu tatu za Mwalimu zimepanda naye. Mtu mzima hawezi kukwambia hivyo waziwazi mbele ya binamu yako, ataonekana mchoyo. Atasingizia bei. Nenda kwake wewe, peke yako, usimpeleke Binamu.

BintiUjiji
Duh. Hapo umegonga.

MshikaKopo
Wakuu, mrejesho. Jana baada ya magharibi nilienda kwa Mwalimu. Nilibeba karanga, maana kwenda mikono mitupu niliona aibu. Kabla sijakaa vizuri kaniuliza, "Akaunti itakuwa ya nani?" GunguKwetu, heshima yako mkuu.

Tumeongea mpaka saa tatu. Gemu za zamani abaki nazo Binamu, hatumdai. Tumefungua akaunti mpya kwa barua pepe mpya, nywila imeandikwa kwenye karatasi iko ndani ya kopo, na kuanzia sasa chochote kinachotoka koponi kinaingia huko. Hii ya dola 30 tunaiacha kwanza hadi mwisho wa mwezi. Tutatazama video za watu wanaoicheza ilivyo sasa, si matangazo ya watengenezaji, na tutahesabu masasisho yanayokuja ni ya GB ngapi. Binamu amenuna kidogo ila kakubali, kwa sharti kwamba ikipanda kabla hatujanunua, ile tofauti ailipe Mwalimu. Mwalimu kasema sawa.

Kipanya kimerudi. Ila kile kijidude chake cha kuchomeka kwenye leptopu ili kifanye kazi, Mwalimu amebaki nacho mfukoni, anasema atakileta Jumamosi akishaiona hiyo akaunti mpya kwa macho yake.