Nimezoea kuwapa kuku wangu antibiotiki kila mwezi kama kinga: nianzie wapi kuacha?

MamaKuku
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafuga kuku wa mayai mia nne, na hili ni kundi langu la pili. Tangu siku ya kwanza nimekuwa nikifuata ratiba niliyopewa na aliyeniuzia vifaranga: siku tano za mwanzo wa kila mwezi naweka oksitetrasaiklini kwenye maji, kuku wawe wazima au wagonjwa, ili kuwakinga. Kundi la kwanza halikunisumbua. Kundi hili limekoroma mara tatu, mayai yamepungua, na dawa niliyoiamini haikufua dafu hata nilipoongeza kipimo. Nikahamia enrofloksasini kwa ushauri wa muuza dawa, wakapata nafuu kwa wiki mbili, kisha wakarudia kukoroma.

Jambo jingine linaloninyima usingizi ni kwamba mbolea yote ya banda huipeleka kwenye bustani yangu ya mboga za majani, na maji ya dawa yanayobaki huyamwaga kwenye mfereji unaoteremka kuelekea kisimani. Naomba kujua mambo mawili. Je, nikiacha dawa ghafla kuku watakufa? Na je, dawa ikishapita tumboni mwa kuku, huwa imekwisha nguvu?

MzeeWaMabanda
Mwanangu, usiache kwa siku moja. Mimi niliwahi kuacha baada ya kuhudhuria semina, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimezika karibu robo ya kundi, huku waliotufundisha wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Punguza taratibu na uwe macho.

DaktariWaMifugo
Dada MamaKuku, onyo la Mzee lisipuuzwe, kwa sababu mambo kama hayo yamewapata hata wakubwa. Sweden ilipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, wafugaji wa nguruwe walihangaika na kuhara kwa watoto wa nguruwe waliotoka kuachishwa kunyonya, mpaka waliporekebisha mabanda, chakula na umri wa kuwaachisha. Ninachotofautiana na Mzee ni chanzo cha vifo vile. Nadhani kundi lake lilikufa kwa jambo ambalo dawa ilikuwa ikilifunika, na jambo hilo ndilo la kutafuta bandani kwako.

Kukoroma kunakorudi mara kwa mara mara nyingi huanzia kwenye hewa. Maranda yakilowa, kinyesi hutoa amonia, na amonia huharibu vile vinywele vidogo vya kwenye koo la hewa vinavyosukuma uchafu nje. Hapo Escherichia coli, bakteria anayeishi utumbini mwa kuku siku zote bila kumdhuru, huvutwa pamoja na vumbi na kushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Virusi nao wanaweza kufungua njia hiyo hiyo, na kwa virusi antibiotiki haisaidii hata tone: mdondo huzuiwa kwa chanjo, si kwa oksitetrasaiklini. Ingia bandani usiku, chuchumaa mpaka uso wako ulingane na kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, umeshapata sehemu ya jibu.

Kuhusu kuongeza kipimo, kumbuka kwamba kuku mgonjwa hunywa maji kidogo kuliko mzima, kwa hiyo anayehitaji dawa zaidi ndiye anayeipata pungufu. Tena dawa za jamii ya tetrasaiklini hushikamana na kalsiamu, na chakula cha kuku wa mayai kimejaa kalsiamu, hivyo sehemu kubwa ya dawa hubaki utumbini bila kuingia mwilini. Utumbini hufanya kazi moja tu: huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu. Ukirudia hivyo kila mwezi, unakuwa umewachagua sugu kwa mkono wako mwenyewe, na sishangai kwamba dawa imegoma.

Swali la pili: hapana, nguvu haiishi. Sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini hutoka na kinyesi ikiwa ingali dawa, ikiambatana na bakteria waliokwisha kuizoea. Maji ya kisima ndiyo ningeyawahi kwanza. Acha kumwaga dawa kwenye mfereji huo leo, na kuanzia sasa changanya kiasi ambacho kuku watakimaliza kwa siku hiyo.

BustaniKijani
Niongezee kuhusu mbolea, kwa kuwa mimi ni mtu wa bustani. Usiitupe, ila usiitie mbichi kwenye mboga, hasa zile zinazoliwa bila kupikwa. Ilundike pamoja na majani makavu, iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na uifunike mvua isije ikaisomba. Kipimo cha Marekani kwa malundo ya wazi ni kufikisha nyuzi joto 55 za Selsiasi kwa siku 15, huku lundo likigeuzwa angalau mara 5 ili sehemu za nje nazo ziingie kwenye joto. Joto hilo huua bakteria wengi, na tetrasaiklini hupungua sana. Nisikudanganye kwamba kila kitu huisha: jamii ya enrofloksasini hung'ang'ania kwenye udongo kwa muda mrefu, na vinasaba vya usugu vinaweza kubaki hata baada ya bakteria waliovibeba kufa. Kwa hiyo lundo likae mbali na kisima, upande wa chini ya mteremko.

MzeeWaMabanda
Nimewasoma. Lakini mbona lawama zote anabebeshwa mfugaji? Watu wanameza antibiotiki kwa mafua, tena wanaacha katikati, na hakuna anayewaandikia semina.

DaktariWaMifugo
Mzee wangu, hilo ni kweli, na wenzetu wa hospitali wana kazi kubwa kuliko yetu. Hata hivyo njia ya kutoka bandani hadi nyumbani imeshaonekana. Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani Stuart Levy na wenzake walichapisha matokeo ya shamba moja karibu na Boston, ambako kuku walilishwa chakula chenye oksitetrasaiklini kidogo, dawa hii hii ya MamaKuku. Katika muda wa wiki moja hivi, karibu bakteria wote wa utumbo wa kuku hao waliopimwa walikuwa sugu, na miezi michache baadaye bakteria sugu waliongezeka matumboni mwa watu wa shamba hilo, ambao dawa hawakuila.

Kuhamahama dawa nako si kinga. Denmark ilipiga marufuku avopasini, antibiotiki ya kukuzia mifugo, mwaka 1995, kwa sababu ilikuwa ikizalisha bakteria sugu kwa vankomisini, dawa ya thamani hospitalini. Kwa kuku usugu huo ulishuka sana. Kwa nguruwe haukushuka mpaka tailosini, antibiotiki nyingine ya kukuzia, nayo ilipoachwa, kwani vinasaba vya kuzikataa dawa zote mbili vilikuwa vimekaa pamoja, na kila aliyetumia moja alikuwa akiulinda usugu wa nyingine bila kujua.

MamaKuku
Narudi na majibu baada ya wiki tatu. Usiku ule nilichuchumaa na sikuweza kumaliza dakika mbili. Macho yalitiririka machozi. Nimeondoa maranda yote yaliyolowa, nimeinua vyombo vya maji ili wasimwage, na nimetoboa upande wa juu wa ukuta. Daktari wa hapa alipeleka sampuli maabara, na jibu limesema ni E. coli aliye sugu kwa oksitetrasaiklini na kwa enrofloksasini pia. Ratiba ya kila mwezi nimeiacha. Waliokuwa hoi tumewatenga na kuwatibu kwa dawa iliyoonyeshwa na kipimo. Wengine wote hawakupewa kitu, na mpaka leo waliokufa ni watatu. Mayai ya hawa wanaotibiwa niyafanyeje? Jirani anasema nikiyachemsha yanafaa.

DaktariWaMifugo
Hayafai. Kuchemsha huua bakteria, lakini mabaki ya dawa nyingi huvumilia moto wa jikoni. Kiini cha yai hujengeka kwa siku kumi hivi kabla ya kutagwa, ndiyo maana mabaki huendelea kutokea hata baada ya dozi kuisha. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, na kama hakikutaja mayai, muulize aliyeiandika dawa kabla ya kuuza hata moja. Enrofloksasini usiirudie kabisa kwa kuku wa mayai. Katika Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa.

MzeeWaMabanda
Watatu kati ya mia nne? Mimi ningefurahi. Daktari, hiyo maabara hutaka kuku mzima au aliyekufa?

DaktariWaMifugo
Mpelekee anayeumwa na ambaye hajapewa dawa bado, Mzee. Kama amekufa, awe amekufa siku hiyo hiyo, na umpeleke akiwa kwenye barafu, si kwenye friza.

MzeeWaMabanda
Basi kesho asubuhi nina mmoja wa kupeleka.