Mjadala: Kiingereza cha Dar ni makosa matupu, au ni sarufi inayozaliwa?

Mwalimu, Temeke

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Jana nilikuwa nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, nikakuta "My sister he is selling mandazi." Sentensi za namna hii nimezipiga mstari mwekundu miaka yote. Jana kalamu ikasita. Yule mtoto hajakosea ovyo: kwetu "dada anauza" na "kaka anauza" vyote vina a- ile ile, Kiswahili hakiulizi anayeuza ni wa kike au wa kiume. Nikafunua madaftari mengine, wenzake wamefanya vilevile. Halafu kuna ile "You are coming tomorrow, isn't it?" Mwingereza hubadilisha mkia huo kila mara kufuata kiima na kitenzi. Sisi tuna "sivyo?" moja inayotosha kote, na "isn't it" tumeipa kazi ya "sivyo".

Jambo likikosewa na wengi, kwa mpangilio mmoja, miaka nenda miaka rudi, mimi naona lina kanuni. Singapore yamewatokea. Kihokkien na Kimandarini, lugha za Wachina wa kule, huweka kineno mwishoni kuonyesha jambo limekamilika, basi watu wakaichukua "already" ifanye kazi hiyo: "I eat already." Serikali yao ilianzisha kampeni ya Kiingereza sanifu mwaka 2000, na "already" hiyo bado iko mitaani. Huko Papua New Guinea nako, katika lugha yao ya Tok Pisin, "by and by" ya Kiingereza, yaani baadaye, ikawa "baimbai", ikafupika ikawa "bai", na leo ni alama tu ya wakati ujao inayokaa jirani na kitenzi.

Anayeshangaa ajisikilize mwenyewe. Nimekwisha kula. Nimeshakula. Nishakula. Kitenzi kizima, kwisha, kimelika hadi kimebaki -sha-. Na -ta- ya "nitakuja" imetoka kwenye kutaka. Semeni "siku zitakazokuja" mtaiona -taka- nzima imekaa humo mpaka leo. Hata "will" ya Waingereza zamani ilikuwa kutaka. Hakuna mwalimu aliyekaa akapanga hayo. Sasa nauliza: niendelee kupiga mstari?

Mzazi, Tabata

Mwalimu, kwa heshima zote, piga mstari. Mwanangu atafanya mtihani wa Kidato cha Nne, na atakayesahihisha hatauliza "he" yake imetokea wapi. Mimi niliwahi kwenda kwenye usaili ofisi moja hapa mjini. Nikauliza, "You open at eight, isn't it?" Wawili waliokuwa mezani wakatazamana, wakacheka. Sikujua nimekosea nini. Niliisema ile sentensi peke yangu kituoni nikisubiri daladala, naigeuzageuza, sioni kosa. Kazi sikupata. Sitaki mwanangu apite hapo kwa sababu mwalimu wake alikuwa anatazama lugha inavyokua.

Mkalimani, Upanga

Mzazi, pole sana. Mwalimu, ya Singapore ni kweli ila umeruka jambo. Sensa yao ya 2020 ilionyesha kuwa, kati ya wakazi wenye miaka 5 na zaidi, asilimia 48.3 hutumia zaidi Kiingereza nyumbani. 2010 walikuwa 32.3. Mtoto wa kule anaisikia "already" kwa mama yake kabla hajashika daftari. Tok Pisin hali kadhalika: wachunguzi wa miaka ya 1970 walisikia watoto waliolelewa kwa lugha hiyo wakiitamka "bai" haraka na kwa mkazo mdogo kuliko wazazi wao. Hapa Dar ni nyumba ngapi mtoto anabembelezwa kwa kimombo? Akitoka darasani, kwenye daladala ni Kiswahili, Kariakoo Kiswahili, nyumbani Kiswahili. "He" ya dada hakuirithi kwa mtu. Kila mwaka Kiswahili kinaizaa upya kwa watoto wapya, na wengi wakisoma zaidi inawatoka. "Isn't it" ndiyo ya kutazamwa, kwa maana naisikia kwa watu wazima waliosoma, tena mikutanoni, na hakuna anayejisahihisha. Mimi ninayelipwa kwa lugha hizi nimewahi kujisikia nikiisema.

Mwalimu, Temeke

Mkalimani, hapo umenishika. Nilizitia kapu moja, kumbe moja inapita na nyingine imekaa. Mzazi, mstari nitaupiga, mtihani ni mtihani. Lakini kilichokutesa pale kituoni si kukosea tu. Hukuwahi kuambiwa kwamba sentensi yako ilikuwa na mantiki, ila ni mantiki ya "sivyo", na kwamba Mwingereza ana yake. Mstari mwekundu peke yake hausemi hilo, na mimi nimekuwa mwalimu wa mstari mwekundu muda mrefu.

Kesho kipindi cha pili naanza na "nishakula" ubaoni, nashuka kwenye "I eat already", ndipo nimfikie dada na mandazi. Daftari la yule binti sijaliwekea alama. Nataka kwanza anisomee sentensi yake kwa Kiswahili.