Kwa nini walokole wa Marekani walimtosa Carter, mlokole mwenzao?

Mlokole wa Uyole:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua mda mrefu naombeni mnieleweshe. Jimmy Carter alikua ameokoka kabisa, anafundisha sandei skuli hata akiwa rais, mke mmoja mpaka kifo. Halafu 1980 walokole weupe wengi wakampa kura mpinzani wake Reagan wa chama cha Republican, mtu alieachana na mke wa kwanza na kanisani haendi sana. Nikiuliza naambiwa ni sababu ya kutoa mimba tu. Ni kweli? Kanisani kwetu tunafundishwa mchungaji asiguse siasa ndo maana nashangaa.

Kibatari:
Mkuu hilo la kutoa mimba lilikuja baadae. 1971 Southern Baptist, ambao ndo dhehebu kubwa la kiprotestanti kule, walikaa St. Louis wakapitisha azimio kwamba sheria iruhusu kutoa mimba kama mama kabakwa, mtoto ana kasoro kubwa, au afya ya mama iko hatarini hata ile ya akili. Mahakama ya Juu iliporuhusu nchi nzima 1973 wengi wao walikaa kimya, waliopiga kelele ni Wakatoliki.

Kilichowasha moto ni shule. Mahakama zilipolazimisha watoto weupe na weusi wasome pamoja, huko kusini zikaota shule za kanisa za weupe watupu, serikali ikasema anaebagua hapati msamaha wa kodi. Bob Jones University, chuo cha walokole huko kusini, ilikua inakataza mweusi na mweupe kuchumbiana, ikanyang'anywa msamaha, wakapambana mahakamani miaka na miaka mpaka wakashindwa 1983 kwa majaji 8 kwa 1. Sasa 1978, Carter akiwa madarakani, mamlaka ya kodi ikataka kuzibana shule binafsi zote za namna hio na hapo ndo wachungaji wakawaka. Mwaka uliofuata mchungaji Jerry Falwell akaanzisha Moral Majority, kikundi cha kuwaingiza walokole kwenye siasa. Huyo Falwell 1965 alihubiri kama mchungaji wako, kwamba kazi ya mhubiri ni kuokoa roho sio siasa, ila alikua anawasema wachungaji walioandamana kudai haki za weusi.

Mama Neema:
Kaka Kibatari historia yako naikubali ila unawaonea waumini wa kawaida. Viongozi wanaweza kuanza na kodi, lakini mama anaekaa benchi la nyuma akaambiwa kila mwaka watoto wanauawa tumboni analia kweli, hapigi kura kwa ajili ya Bob Jones. Pia sala iliondolewa shule za serikali tangu 1962, hio iliwauma sana. Na wamevumilia: 2016 karibu 8 kati ya 10 wa walokole weupe walimpa Trump wa Republican sio kwa ajili ya tabia yake, walitaka majaji wa Mahakama ya Juu wanaopinga kutoa mimba. Akaweka 3, na Juni 2022 ile hukumu ya 1973 ikafutwa. Karibu miaka 50 hio.

Mbeba boksi Dallas:
Mimi nasali kanisa la weusi huku Texas. Biblia ileile, mahubiri ya ndoa na mimba usipoangalia utadhani uko kwa weupe, lakini siku ya kura karibu kanisa zima linaenda Democrat, chama cha Carter. Kwa iyo dada Neema nakuheshimu ila Biblia peke yake haielezi, rangi imo ndani.
Ila tuwape na haki yao. Mpango wa Bush wa ukimwi wa 2003, PEPFAR, walokole walikua nyuma yake kwa nguvu. Shangazi yangu Iringa amekula hizo ARV miaka mingi na yupo hai.

Mlokole wa Uyole:
Asanteni sana. Mama Neema hapo kwa mama wa benchi la nyuma umenigusa. Ila lile azimio la St. Louis sikuwahi kulisikia popote, jumapili nitamuuliza mchungaji wangu kama analijua.