Kikundi cha Majirani: banda la jiko la nje

Neema: Shikamooni wazee, na wengine habari za jioni. Nimeshakusanya vitu vya banda la kupikia nje, vyote vilivyotumika. Mabati ya migongo 7, kila moja mita 3, upana sentimita 80 na kitu. Nguzo 6 za mbao. Mbao za 2x4, palleti 5, matofali ya kuchoma 150 hivi, pipa moja la chuma. Mashimo nichimbe mita ngapi kwa ngapi?

Mzee Salum: Marahaba. Usichimbe bado.

Fundi Idi: Mzee kasema kweli. Kwa vitu vya kuokota, paa ndilo linalopanga vipimo, si kiwanja. Bati lako likilaliana na mwenzake mgongo mmoja na nusu, linafunika sentimita 70 tu. Mabati 6 yanakupa mita 4.2. Toa sentimita 30 za ukingo kila upande, nguzo zinasimama kwenye mita 3.6. Kwa kina, yaani mbele hadi nyuma, weka mita 2.4. Nguzo 3 mbele, 3 nyuma, kila moja mita 1.8 kutoka kwa mwenzake. Bati la saba usilipigilie, lina kazi yake.

Neema: Mteremko?

Fundi Idi: Nyuma mita 2.1, mbele mita 2.7. Yaani sentimita 60 kwa mita 2.4. Hapo bati la mita 3 linafika lenyewe kutoka juu hadi chini na kuzidi kama sentimita 25 kila upande, hakuna kiungo cha katikati. Kiungo cha katikati kwa bati kuukuu ni kutafuta maji.

Mama Pili: Kabla hamjaenda mbali, upepo wa mvua unatoka wapi hapo kwenu? Upande wa chini wa paa ndio uelekee upepo. Moshi unapanda na mteremko, unatokea mbele juu. Ukigeuza, mvua inaingia mdomoni mwa banda na upepo unalibeba paa kwa chini.

Neema: Asante Mama Pili, nitageuza mchoro. Mabati yana matundu ya misumari. Si niyalaze kifudifudi tu, upande safi uwe juu?

Fundi Idi: La! Hilo ndilo kosa linalovujisha mapaa mengi ya mabati ya zamani. Msumari ulipigwa juu ya mgongo. Ukiligeuza bati, mgongo unakuwa bonde, na tundu linakaa pale pale maji yanapopita. Liache lilivyokuwa.

Fundi Idi: Kisha pima mistari ya matundu. Kama mabati yote yametoka paa moja, panga papi zako (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati) zifuate mistari hiyo hiyo, upigilie kwenye matundu ya zamani kwa msumari mnene kidogo wenye mpira. Matundu yatakayobaki, gonga kingo zake zilale, safisha kutu kwa brashi ya waya, ziba kwa kipande cha bati na silikoni au lami. Silikoni peke yake juu ya kutu inabanduka.

Baraka (welda): Samahani, hayo mabati ni chuma kweli? Yakiwa ya kijivu, mazito, ukiyagonga yanalia kama kigae, inaweza kuwa asbesto. Hayo usikate, usitoboe, usipige brashi.

Neema: Chuma, sumaku inashika.

Baraka: Basi salama. Na pipa, ndani lilikuwa na nini?

Neema: Sijui. Nilitaka kulipasua liwe jiko.

Baraka: Kama hujui, usiliguse kwa grainda wala moto wa gesi. Pipa la mafuta likionekana tupu bado lina mvuke, na cheche moja inatosha kulilipua. Hata kama lilikuwa na kitu cha kawaida, rangi ya nje na ya ndani inatoa moshi mbaya ikiungua. Pia wavu wa kupikia usitumie chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mweupe unaoleta homa. Juu ya paa haina neno, karibu na makaa hapana. Wavu tengeneza kwa nondo za milimita 10 zisizo na rangi.

Mzee Salum: Pipa liache nje ya hesabu. Matofali 150 yanatosha.

Neema: Sawa. Nguzo sasa. Zilikuwa za uzio.

Fundi Idi: Ya uzio inaoza usawa wa ardhi, pale unyevu na hewa vinapokutana. Juu inaonekana nzima, chini inaonekana nzima, katikati imekwisha. Choma kisu kila sentimita 10 kuzunguka sehemu hiyo. Kikizama sentimita moja bila kusukuma sana, kata hapo. Sasa pima kilichobaki: za nyuma unahitaji mita 2.7, za mbele 3.3, kwa sababu sentimita 60 zinaingia shimoni.

Neema: Tatu zitabaki kama 2.8, nyingine tatu 2.9. Za mbele hazifiki.

Mzee Salum: Hizo za mbele zikalie vitako vya zege. Kitako kitokeze sentimita 20 juu ya ardhi, uchomeke nondo katikati kabla zege halijakauka. Nguzo uitoboe chini, ikae juu ya nondo. Haigusi udongo, haiozi.

Fundi Idi: Mzee, kwa heshima, nguzo ya juu ya kitako inasimama lakini haizuii kusukumwa. Banda halina kuta. Upepo mmoja wa pembeni linalala.

Mzee Salum: Ndiyo maana nyuma zitazikwa. Na mbele utie vishikizo vya mshazari.

Fundi Idi: Basi tumekubaliana. Neema, kila nguzo iwe na mshazari kwenda kwenye boriti iliyo juu yake, na mwingine kwenda kwenye pau (mbao inayoshuka na mteremko, inayobeba papi), uanze sentimita 60 kutoka kwenye kiungo kila upande. Pande zote mbili, si mmoja. Na uifunge nguzo na kitako kwa ukanda wa chuma, maana nondo haizuii paa kuinuka.

Mzee Salum: Shimo la nyuma: upana sentimita 30, kina 70. Tia kokoto sentimita 10 chini, simamisha nguzo, zungushia zege. Zege lisiwe kikombe chini ya nguzo, maji yatakosa pa kutokea. Juu ulipandishe kidogo kuzidi ardhi na ulisawazishe limwage nje.

Neema: Pembe nitajuaje zimenyooka?

Fundi Idi: Kamba. Pima mita 3 upande mmoja, 4 mwingine, mshazari wa kuziunganisha uwe 5. Upande wako wa kina ni mita 2.4 tu, kwa hiyo tumia nusu: 1.5, 2, 2.5. Halafu pima kona kwa kona. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia, kwa sababu mabati yatakusuta.

Fundi Idi: Mapau 5, moja kila sentimita 90. Papi 5 juu yake, karibu sentimita 70 kila nafasi. Kiungo cha papi kikae juu ya pau, kamwe si hewani. Na kila makutano ya papi na pau, ya pau na boriti, funga waya mara mbili ukasokote. Misumari pekee inang'oka, paa la wazi linainuliwa kutoka chini.

Neema: Mbao za zamani zimejaa misumari.

Fundi Idi: Nyoosha ncha, igonge irudi nyuma, ndipo uvute kichwa kwa mtaimbo. Kisha pitisha sumaku kabla ya msumeno. Mbao kavu ya miaka inapasuka, kwa hiyo toboa kwanza.

Baraka: Palleti zina muhuri? HT ni ya kupashwa joto. MB ilifukizwa kwa dawa, iache. Mbao za kijanikijani zenye dawa, vipande vyake visiingie jikoni, zinaweza kuwa na aseniki.

Neema: Mbili HT, tatu hazina kitu.

Baraka: Mbili ndizo za rafu. Tatu fanya za kuanika kuni.

Mzee Salum: Sasa jiko. Gonga tofali mbili. Zikilia wazi, nzuri. Zikitoa sauti ya bubu, weka ndani kwenye kifusi. Zenye saruji ngumu usihangaike nazo sana, utavunja nyingi kuliko utakazosafisha.

Meza ya sentimita 120 kwa 70. Kwanza tandika mawe sentimita 15. Juu yake kozi (mistari ya tofali) 8, kila kozi tofali 15 hivi, hiyo ni 120. Jaza kifusi kila baada ya kozi 3, bila kushindilia kwa nguvu, ukuta mwembamba unabinuka. Fungia waya kutoka ukuta hadi ukuta katikati. Juu mchanga sentimita 10, usawa wa mdomo. Sehemu ya moto 90 kwa 70, tofali 27 zilizolazwa kavu juu ya mchanga. Ikipasuka moja, unaibadilisha bila kuvunja kitu.

Neema: Saruji kiasi gani?

Mzee Salum: Chini, saruji moja kwa mchanga tano. Kozi mbili za juu usitie saruji, joto linaipasua. Udongo wa mfinyanzi 1, mchanga 2 au 3. Viringisha donge, likauke. Likipasuka ongeza mchanga, likimeguka ongeza udongo. Na mawe ya mtoni yasikae karibu na moto, maji yaliyo ndani yanayalipua.

Mama Pili: Meza isikaribie nguzo. Sentimita 90 kutoka kwenye mbao yoyote.

Neema: Kwa kina cha mita 2.4, nyuma nitapata kama 70 tu nikitaka nafasi ya kusimama mbele.

Fundi Idi: Hapo ndipo bati la saba linapofanya kazi. Kata vipande, pigilia kwenye nguzo za nyuma kwa vigingi vya chuma, liachane na mbao sentimita 3, chini na juu wazi hewa ipite. Likigusa mbao moja kwa moja, linapitisha joto tu.

Mzee Salum: Mtaro wa sentimita 15 chini ya ukingo wa nyuma, kabla hujawasha chochote. Moto wa kwanza uwe mdogo, siku kadhaa, hadi tofali ziache kutoa mvuke.